Uzi Mnene Nilioukata

Mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Huu ni mwaka wa kumi na moja nauza vitenge katika soko la Konyo Konyo, hapa Juba, na kabla ya hapo nilimsaidia mama yangu kuviuza Kitale, Kenya, tulikokuwa wakimbizi. Mwambie mtu mwingine kwamba kitambaa chako ni pamba tupu. Mimi nitavuta uzi mmoja kwenye pindo, niuwashe kwa kiberiti mbele yako, ninuse. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na majivu yake hupukutika. Ikiwa ni plastiki itajikunja na kuacha kidonge cheusi kigumu, na hapo tutaangaliana vizuri. Wenye mali wananijua. Wengine huja na kiberiti chao kabla sijaomba.

Sokoni tabia hiyo imenifaa sana. Ninachosimulia hapa ni jinsi ilivyonifikisha pabaya katika kwaya yetu, kwa sababu ya nyuzi nne za gitaa.

Mimi hupiga besi. Watu wakiona mwanamke wa makamo, mnene kiasi, amepakata gitaa la umeme juu ya boda, huuliza ni la mtoto wa nani. Ni langu. Nilijifunza nikiwa msichana Kitale, kwa sababu aliyekuwa akipiga besi alihama na hakuna mwingine aliyetaka kubeba chombo kizito ambacho watu hawakisikii mpaka kikosekane. Nilipohamia Juba nikakuta kwaya ya Kiswahili katika kigango kimoja cha mabati, si mbali na ninapokaa Kator. Wengi ni watu waliorudi kutoka Uganda, wachache tulitoka Kenya, na wako Waganda wenyewe waliokuja kutafuta riziki. Kila mtu ana Kiswahili chake. Tukiimba kinakuwa kimoja, tukimaliza kila mtu anarudi kwenye chake.

Mwaka huu kwaya ilipanga kurekodi nyimbo sita katika studio ndogo ya mtaa wa Hai Jalaba. Mmoja kati ya hizo sita ni wangu. Niliutunga mwenyewe, wimbo wa polepole wa baada ya komunyo, na unaanza na besi peke yake, noti nane, kabla sauti hazijaingia. Sijawahi kutunga kingine cha maana. Kwa hiyo nilitaka noti hizo nane zisikike kwenye rekodi, na zitoke kwenye vidole vyangu. Niseme wazi tu: nilizitaka kuliko nilivyokuwa nimetaka kitu chochote kwa miaka mingi.

Fundi wa studio alikuja kigangoni kutusikiliza. Ni Mkenya, mwembamba, ana miwani, haongei sana. Tulipomaliza wimbo wangu akaniita pembeni, lakini si pembeni ya kutosha, maana kila mtu alisikia.

“Mama, hizo nyuzi zinalia,” akasema. “Kila ukisogeza mkono nasikia kwii, kwii. Hapa kanisani si rahisi kusikia. Kwa maikrofoni itakuwa kama kuna panya ndani ya ukuta.”

“Sasa nifanye nini?”

“Tafuta zile za bapa. Ukikosa, si tutatumia tu besi ya kinanda? Ako na mkono wa kushoto, huyo.”

Sote tukamgeukia mpiga kinanda. Ni Mganda, ana duka la vipuri vya boda huko huko Konyo Konyo, safu tatu kutoka kibanda changu. Kinanda ni chake, hukileta na kuondoka nacho. Alikuwa akitabasamu. Nililiona lile tabasamu na nikaliweka akilini.

Nieleze kidogo, kwa asiyejua mambo haya. Uzi wa besi wa kawaida una waya wa kiini katikati, na kiini hicho kimezungushiwa waya mwingine mwembamba wa duara, kuanzia chini hadi juu. Ndiyo sababu una matuta, na kidole kikiteleza juu yake kinalia. Uzi wa bapa umezungushiwa utepe wa chuma badala ya waya. Utepe umelala, umebanana, na ukipitisha kidole husikii tuta hata moja. Sauti yake ni nzito na ya chini, haina mng’ao, na hudumu miaka. Yote hayo niliyasoma kwenye simu siku mbili mfululizo, wateja wakisubiri. Nilisoma pia kwamba nyuzi za bapa huvuta kwa nguvu zaidi na zinaweza kuipinda shingo ya gitaa, kwa hiyo nikaamua nisichukue zile nene kabisa. Zipo na zilizovishwa nailoni nyeusi. Hizo nilizitazama kwenye picha nikaona zinafanana na kamba za viatu, nikaziacha.

Halafu nikachukua tepu yangu ya vitenge nikapima gitaa, kutoka kile kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo hadi kwenye daraja chini. Sentimita themanini na sita na kitu. Nikapima tena kwa tepu ya jirani yangu, maana hata tepu siku hizi zinadanganya.

Nilianza kutafuta Hai Jalaba, kwa mfanyabiashara anayeuza spika na redio. Alisema anazo za bapa, laini kabisa, akaingia nyuma akakaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuchukua kitu kwenye rafu. Alichonitolea kilikuwa laini, ndiyo. Nikapitisha ukucha polepole. Matuta yalikuwepo, ila yamepungua vichwa. Nikaangalia ncha ya kidole nikaona vumbi la kijivu. Mtu alikuwa amechukua nyuzi za kawaida akazipiga msasa.

“Hii umesugua saa ngapi?” nikamuuliza.

“Malesh, ya mama,” akasema, yaani samahani kwa Kiarabu cha Juba, akazirudisha ndani bila hata kuona haya. Niliondoka nikiwa na furaha ya kumnasa, na sikuwa na nyuzi.

Jioni hiyo mpiga kinanda akapita kibandani kwangu. Alikuwa amesikia kwamba sikupata nyuzi.

“Mama, mimi naenda Kampala Ijumaa kuchukua mali ya duka. Iko duka moja kule ya vyombo ya muziki. Niandikie tu kwa karatasi, nitaleta.”

“Kwa nini?”

“Kwa nini nini?”

“Kwa nini uniletee?”

Akacheka. “Si wewe unataka?”

Hebu mtu anieleze. Mimi nikikosa nyuzi, yeye ndiye atapiga besi kwenye rekodi. Na yeye huyo huyo ndiye anajitolea kwenda kuzitafuta. Usiku ule nililigeuza jambo hilo huku na huku na kila upande niliona mkono wake. Lakini hakukuwa na njia nyingine, kwa sababu rekodi ilikuwa imebaki wiki mbili na mimi sina mtu mwingine wa kumtuma Kampala. Nikaandika karatasi: za bapa, za gitaa refu, urefu huu, unene huu, nyuzi nne, pakiti isiyofunguliwa. Nikamfanya aisome kwa sauti mbele yangu. Aliisoma yote, taratibu, akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Mazoezi yetu huwa Jumatano na Jumamosi, alasiri. Jumatano ya wiki iliyofuata nilifika mapema, na nikiwa bado nje ya mabati nikasikia noti zangu nane. Zilikuwa zinatoka kwenye kinanda, chini kabisa, kwa mkono wa kushoto. Nikasimama. Akazirudia. Akakosea ya sita, akairudia peke yake mpaka ikakaa. Nilihisi kama nimemkuta mtu amevaa nguo yangu.

Nilipoingia mlangoni akaniona, akauondoa mkono wa kushoto haraka.

“Mama, karibu. Nimeleta kitu yako,” akasema, akatoa pakiti kwenye mkoba.

Pakiti ilikuwa imefunguliwa. Gundi ya juu imebanduliwa na kubandikwa tena.

“Nani amefungua hii?”

“Mimi. Nilipima kwa duka. Wewe uliandika sentimita, sasa mimi niliogopa kuleta fupi. Mwenye duka alinipea tepu.”

“Niliandika isifunguliwe.”

“Uliandika. Lakini pia uliandika kupima.”

Jibu lilikuwa tayari mno. Mtu mkweli husita kidogo. Nilimshukuru kwa midomo, nikazitia nyuzi kwenye begi, na mazoezi yote niliimba nikimtazama mkono.

Alhamisi sikwenda sokoni asubuhi. Nilitandika kitenge kwenye meza uani, kwenye mwanga mzuri, nikazipanga nyuzi nne. Kila moja ilikuwa imeviringwa vizuri, na kwenye ncha zake ilikuwa na nyuzinyuzi za hariri za rangi ya samawati. Ndani ya pakiti kulikuwa na karatasi ndogo ya maelezo kwa Kiingereza. Niliisoma neno kwa neno, kwa sababu bidhaa bandia hujulikana kwa makosa ya maandishi. Sikuona kosa hata moja. Nikapitisha ukucha: laini kama kisu. Nikapaka kidole mate nikasugua: hakuna vumbi. Nikachukua sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu: zikanasa, ni chuma. Nikazipima: urefu ni ule ule.

Kila jaribio lilipita, na kila lilipopita mimi nilizidi kukosa raha. Mali ya bandia iliyotengenezwa vizuri ndiyo hupita majaribio. Nimeona robota za vitenge kutoka mbali ambamo vitatu vya juu ni pamba safi na vilivyobaki vinayeyuka kwenye moto.

Nikaanza kuvalisha. Besi haivuliwi nyuzi zote kwa pamoja, maana shingo imezoea kuvutwa na ukiiachia ghafla inaweza kuruka. Nikatoa uzi mwembamba wa zamani, nikaweka mpya: kifundo chini kwenye daraja, nikauvuta hadi juu, nikauingiza kwenye kigingi, nikaukunja, nikakaza, halafu nikakata kilichobaki kwa koleo. Nikafanya hivyo na wa pili, na wa tatu. Zilikaa vizuri. Vidole vilipita juu yake bila kulia hata kidogo. Mtu mwingine angefurahi.

Ukabaki uzi mnene, ule wa chini kuliko wote. Noti ya kwanza ya wimbo wangu inatoka kwenye uzi huo, na ya nane pia. Nikajiambia: kama ameficha kitu, amekificha hapa. Jaribio moja lilikuwa limebaki, nalo ni kuona ndani. Uzi ulikuwa na ncha ndefu ya ziada ambayo hata hivyo ingekatwa. Nikachukua koleo, nikaikata kabla sijauvalisha, nikainua ile ncha kwenye jua.

Ndani kulikuwa na kiini cha chuma, na juu yake utepe. Hakuna ulaghai. Nilikaa nikiangalia kile kipande, nikasikia karibu kama nimetapeliwa kwa kutotapeliwa.

Halafu nikauvalisha. Nilipoanza kukaza nikaona utepe unafunguka pale nilipokata. Ulijisokota kidogo, ukalegea, na kulegea kule kukatambaa kushuka kwenye shingo. Nikapiga. Uzi ukatoa sauti ya ndoo yenye maji. Nikakaza zaidi, ukapanda na kushuka tena. Hautulii kwenye noti. Nilijaribu mpaka mikono ikaniuma, uzi ule ulikuwa umekufa.

Na unajua nilichohisi? Nilihisi nimethibitisha. Vitatu vizuri juu ya robota, na kibovu ndani. Alijua nitahitaji uzi huo kuliko yote, akaubadilisha huko huko, na ndiyo maana pakiti ilikuwa wazi. Yote yalijipanga sawasawa. Nikautoa, nikarudisha uzi wa zamani wenye matuta, na ule mbovu nikauviringa nikautia mkobani kama ushahidi.

Jumamosi, kabla ya sala ya kuanza mazoezi, nilisimama nikauinua mbele ya kwaya nzima.

“Huu ndio uzi nilioletewa,” nikasema. “Tatu ni nzuri. Huu mmoja, ambao wimbo wangu unautegemea, umefunguka siku ya kwanza. Na pakiti ililetwa ikiwa imeshafunguliwa. Wiki hiyo hiyo nilimkuta akifanya mazoezi ya besi yangu kwa mkono wa kushoto. Sisemi zaidi.”

Kusema sisemi zaidi ni kusema yote, na mimi najua. Mwenyekiti wetu, mama aliyekulia Arua, mwenye sauti nzito na maamuzi ya haraka, akamgeukia mpiga kinanda.

“Wewe unasema nini?”

Alikuja polepole. Akaushika uzi kwenye ncha, akagusa pale utepe ulipofunguka, akapitisha kidole gumba juu ya mkato, ambao ulikuwa umenyooka na bado unang’aa. Akaniangalia. Nilidhani ataanza kujitetea na nilikuwa nimejiandaa.

“Kama mama anasema ni mbaya, ni mbaya,” akasema. “Nikienda tena nitaleta ingine.”

“Unaenda lini?” mwenyekiti akamuuliza.

“Mwezi ingine.”

“Na rekodi ni Jumamosi ijayo,” mwenyekiti akasema. “Basi afadhali wewe upumzike kidogo, mpaka tumalize hii kitu ya rekodi.”

Kwetu kwenye kwaya hakuna anayefukuzwa. Mtu hupumzishwa. Anapumzika wiki moja, mbili, na siku akirudi anakuta nafasi yake imekaliwa na benchi halisogei. Kila mtu aliyekuwa mle ndani alijua maana yake. Nyuma yangu mtu alinong’ona, “Hawa watu tunawajua,” na mwingine akaitikia. Maneno hayo hayo nimeyasikia Kitale, wauzaji wa huko wakimsema mama yangu kwa kuwa alikuwa mgeni, nikiwa nimeshika sketi yake. Niliyakumbuka pale pale. Sikugeuka kumkanya.

Yeye akachomoa waya, akakunja miguu ya kinanda, akakifunga kwenye blanketi lake na kuita boda. Sitadanganya, nilijisikia vizuri. Nilijisikia hivyo mpaka Jumatatu.

Jumatatu nilibeba gitaa hadi studio kumwomba yule fundi msaada, maana nilikuwa bado nahitaji uzi mmoja. Nikamwonyesha ule mbovu, nikamweleza jinsi nilivyochezewa. Aliuchukua, akausogeza karibu na miwani.

“Nani alikata hii?”

“Mimi.”

“Kabla ya kuikunja ama baada?”

“Kabla. Nilitaka kuona ndani.”

Akavua miwani. Hakucheka, na ningependa angecheka.

“Mama, hizi hazikatwi kabla ya kukunjwa. Ile kona ndiyo inashikilia utepe. Ukikata ikiwa imenyooka, utepe unaachia kiini, na uzi umeisha. Hata iwe imetoka kwa nani.” Akapiga zile tatu zilizokuwa kwenye gitaa, akasikiliza kila moja mpaka ikazima. “Hizi ni orijino. Sijaona seti kama hii hapa Juba. Karatasi yake hukuiona?”

Karatasi ilikuwa kwenye begi. Akaitandaza juu ya meza, akaniwekea kidole kwenye mstari wa nne, ulioandikwa kwa herufi nzito: kunja kwanza, ndipo ukate. Mstari ule niliusoma. Niliukagua herufi kwa herufi nikitafuta kosa.

Alikuwa na uzi mmoja mnene wa bapa, wa zamani, uliobaki kwenye droo yake. Akauvalisha mwenyewe mbele yangu bila kusema neno. Akauvuta kupita kigingi kwa vidole vitatu, akaukunja kwa koleo mpaka ukatoa kona kali, akaikamata kona, kisha akakata. Akanipa gitaa. Nikapiga noti zangu nane, na hakuna kilicholia. Ilikuwa ile sauti niliyoisikia kichwani siku nilipoutunga wimbo, mpaka kwenye noti ya mwisho. Ningefurahi, ila ile karatasi ilikuwa bado wazi juu ya meza.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja Konyo Konyo, kwenye duka la vipuri. Alikuwa akimtafutia dereva mmoja plagi. Nikangoja hadi dereva akaondoka.

“Nilikata uzi mwenyewe,” nikamwambia. “Kabla ya kuukunja. Haukuwa mbaya.”

“Mimi najua.”

“Ulijua tangu lini?”

“Jumamosi. Niliona ile mahali imekatwa.” Alikuwa akipanga plagi kwenye boksi, hakuniangalia. “Duka ya Kampala walinionya. Walisema kukunja kwanza. Mimi nilitaka kukuambia ile Jumatano, lakini wewe ulikuwa unaangalia tu pakiti.”

“Kwa nini hukusema mbele ya watu?”

“Niseme nini, mama? Watu wote wanakujua wewe, soko yote. Mimi Mganda niseme mama anadanganya?”

Nikamuuliza na lile lingine, kwa sababu lilikuwa bado linanichoma. Mbona alikuwa akijifunza noti zangu?

“Nilikuwa natafuta mahali ya kukupisha,” akasema. “Mkono yangu ya kushoto inazoea kukaa pale chini. Wimbo ni yako. Sasa nilitaka kujua unapita wapi, nikuachie njia.”

Nilimwomba radhi. Nilisema malesh, nikasema samahani, nikasema kila neno ninalolijua katika kila lugha niliyo nayo. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mimi na wewe hakuna shida,” akasema. “Lakini nilitolewa mbele ya watu.”

Nikamwahidi kwamba Jumatano nitasema mbele ya watu hao hao, na Jumamosi atakuwa studio na kinanda chake. Niliahidi kwa urahisi, kwa sababu niliamini sehemu ngumu ni kukiri. Sikuwaza kwamba mtu anaweza kukiri na asisadikiwe.

Jumatano nilisimama pale pale niliposimama Jumamosi. Nikaeleza yote. Nilisema nilikata uzi kabla ya kuukunja, nikawaonyesha mkato, nikaizungusha ile karatasi na kuwatafsiria mstari wa nne. Nikasema ndugu yetu hakufanya kosa lolote, mimi ndiye niliyemsingizia, na naomba arudi kabla ya Jumamosi.

Karatasi ikapita mkono kwa mkono hadi kwa mwenyekiti, akaigeuza nyuma na mbele.

“Hii karatasi umeitoa wapi?”

“Ilikuwa ndani ya pakiti.”

“Jumamosi haikuwako.”

“Ilikuwako. Sikuileta.”

Akaiweka kwenye paja. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake atoke kwenye tope:

“Mama, huyu mtu amekupa nini?”

“Hajanipa kitu.”

“Wewe? Wewe ndiyo umeona makosa kwa uzi, ukaona kwa pakiti, ukamkuta na mkono kwa kinanda. Hakuna mtu hapa anaweza kukudanganya wewe. Leo siku nne tu, unasema ulikosea?”

Rafiki yangu wa sauti ya kwanza, ambaye tumekaa benchi moja miaka minane, akainama kwangu akaninong’oneza, “Kama amekutisha, tuambie.” Alikuwa na machozi. Alinihurumia kweli kweli.

Nikasema kama yeye hatakuwepo Jumamosi, basi na mimi sitakuwepo, wala besi yangu. Nilidhani hilo litawaonyesha kwamba nasema kweli. Mtu gani angeacha wimbo wake mwenyewe kwa sababu ya uongo?

Mwenyekiti akawageukia wenzake. “Mnaona,” akasema. “Amemshika kabisa.”

Jumamosi walirekodi kwa ngoma na sauti. Niliambiwa baadaye kwamba mahali pa noti zangu nane alianza mwimbaji mmoja peke yake, na kwamba ilipendeza. Saa hiyo mimi nilikuwa kibandani nakunja vitenge ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. Gitaa nililiacha nyumbani, nyuzi zake nne za bapa zikiwa zimekaa vizuri kwenye noti.

Karibu adhuhuri mpiga kinanda akapita. Alikuwa amevaa shati safi, la kwenda mahali. Akasimama mbele ya kibanda.

“Hukuenda?”

“Sikuenda.”

“Kwa sababu ya mimi?”

“Niliwaambia ukweli wakakataa. Kwa hiyo sikuenda.”

Alitia mikono mfukoni. Nilingoja, na nikiri kwamba nilikuwa nangoja shukrani. Macho yake yalipita usoni kwangu polepole, yakashuka kwenye mikono, yakarudi usoni. Namna hiyo ya kutazama naijua. Ni yangu, nimewatazama nayo watu soko zima.

“Mama, sema tu ukweli,” akasema. “Sasa hivi wewe unataka nini kwa mimi?”

Nilitafuta jibu ambalo hata mimi, kama ningeambiwa na mtu mwingine, ningelikubali. Sikulipata.